Udongo wa Nyongeza

Siku tuliyomzika baba, kila mtu alipita kaburini akatupa konzi ya udongo, kama desturi. Alianza mchungaji, akafuata mama, kisha mimi, kisha mstari mrefu wa watu wa mji wetu na vijiji vya jirani. Mzee Yona alipofika alitupa yake, lakini hakuondoka. Waliokuwa nyuma yake wakangoja. Akainama tena kwa shida, mkono mmoja umeshika goti, akachota konzi ya pili, akaitupa juu ya ile ya kwanza.

"Nyongeza hiyo," mtu mmoja akasema, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoomba radhi kabla hakijaisha.

Mimi sikucheka. Kila aliyekuwa pale alijua maana ya neno lile, kwa sababu ndilo lilikuwa jina la baba. Wateja walimwita Nyongeza alipokuwa na duka, na jina hilo ndilo lililompeleka bungeni. Lakini Mzee Yona hakuwa mteja wa kawaida. Kama kuna mtu katika tarafa yetu aliyekuwa na sababu ya kumtupia baba jiwe badala ya udongo, ni yeye. Nilirudi nyumbani sijui kama nimeona heshima au matusi. Huenda alikuwa anamwambia marehemu: chukua na wewe nyongeza yako.

Tangu siku hiyo najaribu kuandika. Mimi si mwandishi, nakiri mapema. Niliishia darasa la saba, na kusoma hasa nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari ya dukani, habari zilizokatwa katikati, nikazoea kujimalizia mwenyewe. Labda ndiyo sababu naiogopa sentensi. Naiandika, naisoma kwa sauti, naifuta kwa kuhofia nimemwonea baba. Naandika nyingine, nahofia nimempendelea. Wenzangu mliozaliwa wakati bendera yetu ikiwa bado mpya, mtanivumilia. Wengi wenu mna baba au mjomba ambaye siku moja alipanda juu ya meza akaahidi jambo.

Duka letu lilitazama barabara iendayo Kinyangiri. Lilinuka mafuta ya taa, ugoro, kaniki mpya na magunia ya chumvi yaliyokuwa na unyevu hata wakati wa kiangazi. Baba alipima chumvi kwa kibaba cha bati. Alikijaza, akapitisha kijiti juu yake mpaka ikawa sawasawa, kisha akakisogeza mbele ya macho ya mteja ili aone kwamba hakupunjwa. Hapo akatulia. Mteja naye akatulia. Ndipo baba alipoingiza mkono tena guniani, akatoa konzi iliyojaa, akaimwagia juu mpaka chembe zikaanguka kwenye meza.

"Na hii nyongeza," alisema. "Wasalimie nyumbani."

Mwenye duka wa upande wa pili alijaza kibaba chake kwa kilemba, chumvi ikivuka ukingo, tangu mwanzo, pengine chumvi nyingi kuliko ya baba, na hakuna aliyemsifu. Leo naelewa kwamba siri ilikuwa katika kule kutulia. Wakati ule niliamini kwamba chumvi ya nyongeza haikutoka guniani kabisa. Ilitoka mkononi mwa baba, kama maziwa yanavyotoka kwa mbuzi, na isingeweza kuisha.

Alipoamua kugombea ubunge nilikuwa sijaanza shule. Wagombea walikuwa wawili, na kwa vile wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Baba alipata jembe. Mpinzani wake, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya pole, alipata nyumba. Barazani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine. Mzee Yona, ambaye siku zile alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana na mdomo usio na breki, alikuwa upande wa nyumba, na alikuja kununua ugoro kwetu makusudi ili abishane.

"Jembe hulala wapi usiku?" aliuliza kwa sauti, akiwageukia watu. "Ndani ya nyumba! Sasa nani mkubwa?"

"Na hiyo nyumba yako uliichimbia nguzo kwa kitu gani, Yona?" baba akamjibu. "Kwa kijiko?"

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Nami nilicheka, ingawa sikuelewa, kwa sababu baba alinitazama kabla ya kujibu, kama anayeniahidi kwamba atashinda.

Siku ya mkutano mkubwa alipanda juu ya meza ya dukani, iliyotolewa nje na kuwekwa uwanjani karibu na shule. Aliahidi zahanati. Aliahidi kisima. Watu walipiga vigelegele, na nadhani angeshuka hapo mambo yangekuwa mengine. Lakini Yona akanyoosha mkono.

"Tunasikia huko Ugogoni watu wamehamishwa," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Wamewekwa pamoja barabarani, matembe yao yakabomolewa. Sisi je? Ukiwa mbunge, utatuambia nini siku hiyo?"

Kwa msiolifahamu tembe: ni nyumba yetu ya asili, ya nguzo na udongo, paa lake limelala bapa, nalo ni udongo vilevile. Huwezi kulibeba. Ukilibomoa, limekwisha.

"Kuhamia pamoja ni jambo jema," baba alisema. "Lakini hakuna atakayebomoa nyumba ya mtu mvua zikiwa karibu. Hilo nalisema."

Yona akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imetosha, kibaba kilikuwa kimejaa sawasawa. Baba akatulia, akawatazama, na mimi niliyekuwa nimekalishwa mbele nikaujua ule utulivu. Nilijua kinachofuata, nikatabasamu kabla hakijafika.

"Na hii nyongeza," akasema. "Mama yangu mzazi anakaa ndani ya tembe, kule nyuma ya majabali. Atakayetaka kubomoa, mwambieni aanze na la mama yangu!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile tena maishani mwangu. Walimbeba.

Nyumbani mama alikuwa akikoroga uji na hakumgeukia. "Baba Raheli," alisema, "chumvi ukiizidisha, mtu anakula kesho yake. Neno ukilizidisha linakula wewe."

"Ni maneno ya mkutanoni tu, mama Raheli."

"Mama yako si wa mkutanoni."

Baba akashinda. Masharti ya uongozi hayakumruhusu kiongozi kuwa na duka, kwa hiyo aliliuza lote kwa ushirika, meza, mizani, hata ndoano za kutundikia kaniki. Alibaki na kibaba tu. Nililia siku ile, lakini nikajifariji: nilidhani Bunge ni duka kubwa zaidi, liko Dar es Salaam, na baba amehamishiwa huko kwa sababu anajua kupima. Na kwa muda ilionekana kuwa kweli. Zahanati ilikuja. Kisima kilikuja. Watu walisema huko bungeni anagonga meza mpaka mawaziri wanageuka. Aliporudi aliwapitia wazee nyumba kwa nyumba, akawasalimu wote kwa majina, na kila alichoulizwa alijibu, na kila jibu lilikuwa na kakitu juu yake.

Jambo moja halikubadilika. Kila mwaka, kabla ya mvua kuanza, alikwenda kwa Bibi, yaani mama yake, kukandika paa. Kwetu hiyo ni kazi ya mtoto wa kiume. Jua la kiangazi hupasua udongo wa juu, na usipoongeza mwingine, mvua ya kwanza inashuka mpaka kitandani. Angeweza kumlipa mtu, lakini hakufanya hivyo. Alivua viatu, akakunja suruali, akachukua jembe la Bibi lililoegemea mlangoni, akapanda. Kwanza alilegeza udongo mkavu kwa jembe, polepole. Kisha aliuongeza udongo mpya. Kazi yangu ilikuwa maji: nilichota kwenye mtungi, nikampa kwa ndoo, akamwaga na kukanyaga. Ile harufu ya udongo mkavu unapolowa kwa mara ya kwanza ndiyo harufu ninayoijua kuliko zote.

Bibi alikaa chini, miguu ameinyoosha, akipeta uwele na kutoa amri kwa Kinyiramba. Amri yake kubwa ilikuwa moja, mwaka hata mwaka.

"Usikanyage katikati! Ule mti umeoza."

"Nimesikia, mama. Mwakani nitaubadilisha."

"Mwakani, mwakani," Bibi alinong'ona, akinikonyeza. "Huyu ndiye mbunge wenu."

Nilikuwa darasa la tatu operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilipofika kwetu. Shule ilikuwa imefungwa, na mama alinipeleka kwa Bibi nikamsaidie kuteka maji. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Upepo ulivuma kutoka kwenye majabali ukiwa na vumbi, na mchana tulisikia magari ya mizigo upande wa pili wa korongo, yakinguruma, yakisimama, yakinguruma tena. Kila jioni vumbi lilionekana karibu kidogo. Wanawake walikuja kwa Bibi na kukaa naye. Mmoja alimshika bega, akamwambia, "Wewe mama wa mbunge, sisi tunakutazama wewe. Tembe lako likisimama, tumesimama wote."

Bibi aliendelea kupeta uwele.

Mimi sikuwa na hofu. Nataka niliseme hili vizuri, maana ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: aanze na la mama yangu. Kwa akili yangu ile ilikuwa kinga. Nani angethubutu kuanza na la mama wa mbunge? Kwa hiyo hakuna ambaye angeanza, na kama hakuna anayeanza, hakuna kinachoweza kutokea. Niliwaeleza hivyo watoto wenzangu tukiwa kisimani, kwa kiburi, wakanisadiki. Wakaenda kuwaambia mama zao.

Asubuhi ile gari dogo la serikali lilikuja likasimama mbele ya ua. Baba akashuka. Pamoja naye alishuka afisa mmoja kijana aliyevaa miwani, na nyuma yao likaja lori lenye mgambo. Watu walianza kujitokeza kutoka kila upande kana kwamba walikuwa wamelala nyuma ya mawe. Mzee Yona alikuwa mbele.

"Tumekuja kuona, Nyongeza," alisema. Sauti yake haikuwa na utani.

Baba alimwendea Bibi, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Walitazamana. Afisa akakohoa. "Mheshimiwa," alisema kwa adabu, "wananchi wote hapa wanakumbuka ulivyosema. Wamekataa kuondoka mpaka waone. Ukianza wewe, hakuna nguvu itakayotumika. Usipoanza..." Akalitazama lori, hakumaliza.

"Mvua je?" baba akauliza. "Nilikuomba mpaka mvua zipite."

"Mimi natekeleza tu, mheshimiwa."

Baba akavua viatu. Akakunja suruali. Akachukua jembe lililoegemea mlangoni, akapanda juu ya paa.

Jamani, moyo wangu ulivyoruka! Nilikuwa nimeona mambo hayo yote kila mwaka, viatu, suruali, jembe, na kila mwaka yalikuwa na maana moja. Baba amekuja kukandika! Na kama paa linakandikwa, basi Bibi haendi popote, na kama Bibi haendi, hakuna anayekwenda. Nilipiga kelele, "Bibi, baba anakandika!" nikakimbilia mtungini, nikachota maji mpaka ndoo ikafurika, nikarudi nikiyumba, maji yakinimwagikia miguuni. Watu walinipisha njia. Nakumbuka nyuso zao, na nakumbuka nilifikiri wanafurahi kwa sababu walikuwa na machozi.

Nilifika chini ya ukuta nikainua ndoo kwa mikono yote miwili. Baba alikuwa ameshainua jembe.

"Maji haya, baba."

Akanitazama. "Ya nini?"

"Ya kukandikia."

Akashusha jembe. Akakaa, pale pale juu ya paa, jembe limelala mapajani. Mtu yule ambaye kila neno lake lilikuwa na la ziada, alikuwa hana hata neno lenyewe. Upepo ulikuwa ukivuma. Mgambo mmoja akaruka kutoka kwenye lori, na mngurumo ukapita katikati ya watu, wanaume wakaanza kuokota mawe. Nilimwona Yona akiinama. Nilimwona akinyanyuka na jiwe mkononi. Ndoo ilikuwa nzito, lakini niliogopa kuiweka chini.

"Weka chini, Raheli," baba akasema hatimaye. "Mwaka huu hatukandiki."

Akasimama, akapiga. Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili lilitoboa, na udongo ukaanguka ndani ya nyumba. Nilisikia ukimwagika juu ya vyungu vya Bibi. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyepiga yowe. Ilisikika sauti ya jembe peke yake.

Bibi akainuka. Alikwenda polepole mpaka mahali ambapo angeweza kumwona mwanawe vizuri, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Watu wote walimngoja. Nilidhani atamlaani. Nadhani hata baba alidhani hivyo, kwa sababu alisita, jembe likiwa hewani.

"Usikanyage katikati," Bibi akasema. "Ule mti umeoza. Utaanguka."

"Nimesikia, mama," baba akasema.

Na akapakwepa. Akabomoa pembeni, akizunguka pale katikati kama alivyoambiwa, mpaka likabaki duara la udongo lisilokuwa na kitu cha kulishika isipokuwa ule mti uliooza. Yona aliangusha jiwe lake. Mmoja mmoja watu wakageuka, wakaenda kwao kushusha nguzo zao wenyewe na kutoa vilindo vya nafaka kabla mgambo hawajafika. Hakuna aliyepigwa siku ile. Watu husema hilo kwa kumsifu baba, na ni kweli. Lakini mvua ya kwanza iliwakuta huko barabarani chini ya majani na magunia, na Mzee Yona alimzika mkewe kwa kichomi kabla uwele haujachipua. Hilo nalo ni kweli, na watu hulisema kwa sauti ya chini.

Uchaguzi uliofuata baba alipewa alama ya nyumba. Hakuna aliyemzomea. Walikuja mkutanoni, wakamsikiliza, wakarudi walikotoka, wakapigia jembe. Aliishi miaka yake iliyobaki akilima alizeti, na alijibu maswali ya watu kwa maneno machache mno, hata mama alikuwa akimchokoza: "Ongeza kidogo basi, baba Raheli." Hakuongeza.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilimalizia hapo, kwa kweli, nikaichana karatasi, maana lile swali la kaburini lilikuwa bado halina jibu, nami siwezi kulala kitu kikibaki nusu. Juzi nikaenda kwa Mzee Yona. Ana nyumba ya bati katika kijiji kile cha barabarani, lakini nyuma yake amejenga tembe dogo la mbuzi. Nilimkuta amesimama juu ya kinu kilichogeuzwa, amekunja suruali, anapanga udongo juu ya paa kwa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule wa ndoo."

Sikujua kwamba ananikumbuka kwa hilo. Nikamwuliza bila kuzunguka, kwa sababu ningezunguka ningeogopa: ile konzi ya pili ilikuwa ya nini?

Aliendelea kusawazisha udongo.

"Walicheka," akasema. "Walidhani ni mambo ya chumvi."

"Haikuwa hivyo?"

"Sijamsamehe baba yako. Usije ukaandika kwamba nimemsamehe." Akaitazama mbingu upande wa majabali, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. "Lakini hakuacha mtoto wa kiume. Na mvua hii hapa inakuja. Udongo usioongezwa unavuja, hata uwe juu ya nani."

Akaniangalia mikono, ilivyokuwa mitupu.

"Mtungi uko pale mlangoni," akasema. "Lete maji."

Nikachukua ndoo.